Namba Iliyo Nyuma ya Karatasi

Nyinyi mliobaki kwenye chumba cha kutengenezea hati mliniomba niwaandikie namna ninavyopika gundi. Nilianza na gundi nikajikuta nimefika kwingine kabisa. Mnivumilie. Mtu aliyestaafu juzi hajui afanye nini na mikono yake, na kalamu ilikuwa karibu.

Gundi kwanza. Wanga wa ngano, maji yaliyochujwa, moto mdogo, na mkono usiosimama. Ikishaiva unaiacha ipoe, unaichuja mara tatu, kisha unailegeza kwa maji mpaka iwe kama uji wa mgonjwa. Siku yangu ya kwanza chumbani humo Len, fundi mkuu wa enzi hizo, alinipa sufuria akakaa pembeni kuniangalia nikikoroga. Baada ya muda akaniuliza nimesomea wapi kazi hii.

"Kwa mama yangu, Unguja," nikamwambia. "Kwetu hii tunawapa watu waliolazwa."

Aliitikia kwa kichwa. Nadhani ndiyo siku aliyonikubali, ingawa kunitamkia alinitamkia miaka mingi baadaye, na hata hapo alikuwa ana mafua.

Sikuajiriwa kutengeneza hati za kale. Niliajiriwa kusukuma toroli la vitabu katika ghala la chini ya maktaba yetu ya Landani, mahali pasipo na dirisha, ambako mwenzangu wa kwanza aliniambia kwa uchangamfu kwamba nitazoea. Sikuzoea. Kila nilipopandisha vitabu vilivyochanika kwenye chumba cha Len nilichelewa kushuka. Siku moja akaniuliza kama toroli limekufa. Nikamjibu toroli zima, anayekufa ni mimi huko chini. Wiki iliyofuata nikapewa brashi.

Len alikuwa Mwingereza mfupi, mkimya, shati lake limenyooshwa kwa pasi na viatu vimechoka. Ukikosea hakukugomba. Aliweka kikombe chake cha chai mezani taratibu, na ule mlio wa kikombe ulitosha kukuharibia siku. Alinifundisha nisifanye jambo lolote nisiloweza kulitengua, na kwamba juu ya mali ya watu huandikwa kwa penseli tu. Halafu kuna kadi. Kila hati inayopita mikononi mwako uiandikie kadi: umefanya nini, lini, na jina lako chini kwa herufi kamili. "Siku moja mtu atataka kujua nani alikosea," alisema. "Mrahisishie."

Nimeona mengi chumba kile. Nimeona barua zilizobandikwa selotepu na mtu aliyezipenda sana, na hakuna adui wa karatasi kama mtu anayeipenda akiwa na selotepu mkononi. Nimeona daftari lililoliwa na mchwa likabaki pambizo tupu, tukalihifadhi lile tupu kwa heshima zote. Lakini hayo mnayajua. Ninayotaka kuwaambia ni ya karatasi kumi za Mzee Shantilal, kwa sababu kadi yake mtaikuta kabatini na jina langu liko chini yake.

Alikuja nazo mwenyewe kuzikabidhi kwa maktaba, zimefungwa kwa kitambaa chekundu. Mzee mwembamba wa Hounslow, koti limefungwa vifungo vyote. Mapokezi walinipigia simu nishuke nikachukue mzigo. Nikajitambulisha kwa Kiingereza, yeye akasimama hapo hapo.

"Zuwena? Wa wapi weye?"

"Wa Unguja, mzee. Malindi."

"Loo! Mie nimezaliwa Mkunazini." Akacheka mpaka yule kijana wa ulinzi akageuka. "Nimepanda treni mbili kuja kwa Wazungu, kumbe nakuja kwa jirani."

Sisi watoto tuliwaita Wahindi wasiokuwa Waislamu Mabanyani wote, hatukujua nani ni nani. Yeye alikuwa Mjaini, mfuasi wa dini nyingine ya Kihindi. Baba yake alikuwa na duka la nguo, na ghorofani juu ya duka alifundisha watoto wa jamaa zake Kisanskrit kwa kutumia zile karatasi, ambazo naye alipewa na mwalimu wake kabla hajavuka bahari. Ilikuwa sehemu ya mwanzo ya sarufi ya kale sana, tena sarufi iliyofupishwa. Mzee Shantilal alilisema hilo kwa fahari, wala si kwa kuomba radhi.

"Ile sarufi kubwa ina kanuni maelfu," alinieleza. "Ile ni ya watu wasiokuwa na duka. Hii yetu ni ya mtu anayefunga hesabu jioni na kesho asubuhi afungue tena. Unaisoma, unaihifadhi, unakwenda zako."

Akanisimulia hadithi waliyokuwa wakisimuliwa. Mfalme mmoja alikuwa akirushiana maji na wake zake bwawani. Mke mmoja, msomi kuliko mumewe, akamwambia kwa Kisanskrit asimpige tena na maji. Kisanskrit hugandanisha maneno, na neno la kukataza na neno la maji yakishagandana husikika kama neno moja lenye maana ya vitamu. Mfalme akaagiza sinia la ladu. Wake zake wakacheka, yeye akajifungia chumbani kwa aibu, hali chakula, mpaka msomi mmoja akamwahidi kumfundisha lugha kwa miezi sita, na akamtungia sarufi hii fupi. Sehemu ya mwanzo ndiyo hiyo inayofundisha sauti zinavyogandana.

"Kwa hiyo wewe ukikosea neno usijali," aliniambia. "Huenda ukaandikiwa kitabu."

Nikazipandisha zile karatasi juu. Zilikuwa ndefu na finyu kama rula, hazikushonwa, kila moja imesimama peke yake. Pembe zilikuwa zimechanika. Nilizisafisha kwa brashi laini, nikaziba michaniko kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ile ile ya uji, nikazilaza chini ya vifuko vya uzito. Kazi safi. Kisha nikafanya kosa.

Kila karatasi ilikuwa na namba pambizoni, upande mmoja tu. Len alikuwa amebandika ukutani jedwali la tarakimu za lugha nyingi, kwa hiyo namba nilizisoma bila taabu. Mimi nilisoma chuo cha Kurani Unguja, ambako kitabu hufunguliwa kwa kulia. Len alisoma kwao, ambako hufunguliwa kwa kushoto. Lakini sote wawili tuliona ni jambo lisilohitaji kuulizwa kwamba upande wenye namba ndio upande wa mbele. Nikaichukua karatasi ya kwanza nikaona upande wenye namba umejaa maandishi, tena umeanza kwa alama ya heri, na upande wa pili mtupu. Nikaridhika kabisa. Nikaandika kwa penseli pembeni, moja mbele, moja nyuma, mbili mbele, mbili nyuma, mpaka kumi. Mpiga picha akazipiga kwa mpango wangu, zikawekwa kwenye mtandao wa maktaba.

Waandishi wa hati zile huandika namba nyuma ya karatasi. Hilo sasa mnalijua kwa sababu nimewabandikia ukutani. Karatasi ya kwanza huachwa tupu mbele ili upande huo uwe kama jalada, na maandishi huanzia nyuma, kule kwenye namba. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza niliuweka mahali pake kwa bahati, na tisa zilizofuata zote nikazigeuza, nyuma mbele na mbele nyuma. Baadaye alipita msomi mgeni aliyekuwa na siku moja ya kupitia rafu nzima. Aliandika katika orodha kwamba maandishi yamevurugika, huenda ni nakala ya mwanafunzi. Niliyaona maneno hayo. Hayakunigusa hata kidogo.

Miaka ikaenda. Len akastaafu, akafariki. Mimi nikabakiza miezi miwili nami niondoke, na hapo Mzee Shantilal akarudi, ameshikwa mkono na binti yake Hansa, mfamasia, aliyezaliwa hapa hapa Landani. Kiswahili anakisikia vizuri ila mara nyingi hujibu kwa Kiingereza. Macho ya mzee yalikuwa yamefifia, asiweze kusoma tena. Walitaka kuziona zile karatasi.

Nilizitandaza mezani. Mzee aliweka viganja vyake pembeni bila kuzigusa.

"Ndizo," alisema. "Harufu ndiyo hiyo. Kitabu ndicho, bibie. Mimi ndiye siye."

Sikuelewa. Hansa akanivuta kando. Baba yake alikuwa na mazoea ya kuisoma sarufi ile kwa moyo kila asubuhi tangu utotoni, kama vile mtu anavyopiga mswaki. Mama yake Hansa alipofariki, binti aliona amfurahishe, akazitafuta picha mtandaoni akawa anamfuatilia kwenye tableti. Herufi anazijua kidogo, zinafanana na za Kigujarati.

"He gets the beginning, every time," alisema kwa sauti ya chini. "Page one, perfect. Then he just goes. Every single time, Zuwena aunty. Baada ya mwanzo anasema kitu kingine kabisa."

Tangu hapo walikuwa wamepata appointment ya memory clinic, kliniki ya wanaopoteza kumbukumbu. Funguo za nyumba alikuwa nazo Hansa, ili mzee asitoke peke yake. Na mzee mwenyewe alikuwa ameacha kusoma asubuhi. Hilo aliniambia yeye, wakati Hansa anamchukulia koti.

"Sarufi hii niliijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu," alisema. "Kama hii imenitoka, bibie, basi lipi limebaki?"

Niliumia sana. Nikamwomba ruhusa nije nimtembelee, nikasema ni kwa ajili ya kumbukumbu za maktaba, ingawa maktaba haikuniomba kitu.

Jumamosi hiyo nilitoka kwangu Thornton Heath, nikabadili treni Clapham Junction, nikafika Hounslow saa tano asubuhi na picha zilizochapishwa mkobani. Hansa alikuwa kazini, jirani aliyeachiwa ufunguo akanifungulia. Tulikunywa chai. Nikamwomba mzee anisomee. Akakataa. Nikamwambia mimi si mjuzi wa Kisanskrit, hata akisema uongo sitojua. Hilo lilimchekesha, akaanza.

Alisoma amefumba macho, na kila kanuni ilipoisha kidole gumba kilihama pingili moja ya vidole vyake. Kama Wahindi wote wa kwetu, alihesabu kwa pingili. Mimi nilikuwa na picha mapajani. Baina ya kanuni na kanuni mlikuwa na vistari viwili, na katikati yake kialama kidogo ambacho siku zote nilikidhani ni pambo. Siku hiyo, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine ila kumwangalia gumba lake, niliona kwamba mapambo yale ni tarakimu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Gumba na karatasi vilikwenda pamoja. Ukurasa ukaisha. Gumba likahamia tano. Mimi nikafunua ukurasa uliofuata wenye maandishi, nikaona tisa.

Nikageuza picha moja mbele. Tano ilikuwa pale, nyuma, kwa mujibu wa penseli yangu.

Yeye aliendelea: sita, saba, nane. Nikairudia ile picha niliyoiruka, na tisa ikaanza kinywani mwake na karatasini kwa wakati mmoja. Akapita hivyo kurasa tatu. Kisha akakatiza ghafla, akafumbua macho.

"Nimeshapotea, sio?"

Nawaandikia jambo hili kwa aibu. Nilimwambia, "Unakwenda vizuri, mzee," nikakusanya picha zangu nikaaga.

Kwenye treni nilijieleza mengi. Kwamba nimebakiza miezi miwili. Kwamba penseli inafutika, picha zinapigika upya, na hakuna atakayeuliza. Hayo yote yalikuwa kweli, na kila mara nilipoyamaliza nilimwona mzee amekaa kwenye kiti chake, anaogopa kichwa chake mwenyewe kwa sababu ya kosa la mkono wangu. Clapham Junction niliteremka, nikavuka kwenda jukwaa jingine, nikapanda treni ya kurudi.

Hansa ndiye aliyenifungulia, bado amevaa koti la kazini. Niliwakalisha wote wawili nikaeleza kila kitu, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, namba, pande, penseli. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi mimi sikukosea?"

"Hukukosea, mzee wangu. Nimekosea mimi."

Akatabasamu, akanipapasa mkono. "Unanisitiri, bibie. Watu wa kwetu mnajua kusitiri. Mgeni akimwaga chai juu ya mkeka, mwenyeji husema mkeka ulikuwa mchafu toka asubuhi."

"Wallahi sikusitiri."

"Ndivyo asemavyo anayesitiri."

Na Hansa akanisindikiza mlangoni, akanikumbatia. "That was very kind of you," alisema. Niliona machoni mwake kwamba ananishukuru kwa uongo mzuri.

Sijawahi kupata adhabu kama ile. Nimeungama kosa la kazi, na hakuna anayenikubalia kwamba ni langu.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wetu na ile kadi. Aliisoma, akaona jina langu chini kwa herufi kamili, akaniuliza kwa nini nimeleta mwenyewe. Nikasema nilifundishwa kumrahisishia mtu. Mfalme yule alikosea neno moja akatungiwa kitabu. Mimi nilikosea karatasi tisa nikaandikiwa memo, na katika memo jina langu wamelikosea. Lakini ruhusa ya kuzitoa karatasi mbele ya wenyewe nilipata. Alhamisi, kabla ya appointment yao, wakaja wote wawili.

Nilizipanga karatasi kumi juu ya kitambaa cha kijivu, kila moja upande wake wa haki, upande wenye namba chini, isipokuwa ile ya kwanza. Hansa nikampa kioo cha kukuzia. Nikamwambia asihangaike na maneno, afuate vile vinamba kati ya vistari, na gumba la baba yake. Mimi ningegeuza karatasi.

Mzee alisita sana kuanza. Kisha akaanza, na ukurasa wa kwanza ukapita kama siku zote. Nikahamia karatasi ya pili. Hansa aliinama na kioo, akasema, "Five." Akasema, "Six." Baadaye akaacha kusema, akawa anaweka kidole tu chini ya kila kinamba, na machozi yanamdondoka mpaka nikalazimika kumsogeza nyuma kwa ajili ya karatasi, kwa kuwa kazi ni kazi. Mzee hakujua. Alikuwa mbali, ghorofani juu ya duka, sauti imepata nguvu ya mtoto anayemwonyesha baba yake. Kumi na sita. Ishirini na tano. Thelathini na nane.

Arobaini na moja. Kisha gumba likahama, na kinywani ikatoka kanuni ndefu, na kidole cha Hansa hakikupata pa kukaa. Niliangalia. Kanuni iliyofuata karatasini ilikuwa fupi, ndefu ilikuwa ya baada yake: alikuwa ameruka arobaini na mbili, akaingia arobaini na tatu.

Hansa akaniangalia. Alinisihi kwa macho yake yote: niache, nigeuze karatasi, nani atajua. Na mimi maneno ya kusitiri yalikuwa tayari mdomoni, ndivyo nilivyolelewa. Mzee alisikia ukimya wetu akanyamaza.

"Mzee," nikasema, "umeruka moja. Umetoka arobaini na moja ukaenda arobaini na tatu."

Hansa alifumba macho. Mzee Shantilal akarudisha gumba pingili moja, akatafuta. Ilichukua muda. Kisha akaitamka, taratibu, kanuni fupi ya maneno matatu, na mimi nikaona vistari viwili na arobaini na mbili baina yake.

"Kweli," alisema. "Niliiruka. Moja tu?"

"Mpaka hapa, moja tu."

Akageuza uso kwenye sauti yangu, na kwa mara ya kwanza tangu aliporudi sikuona hofu juu yake.

"Basi hizo nyingine zote ni zangu," alisema, akaendelea kusoma.